Shurba ya Mtama

Neno supu, kwa Kiswahili tunachokisema huku bara, halina utata. Mtu akikuambia amekunywa supu, umekwishajua kwamba palikuwa na mfupa. Katika njia panda ya Mwandiga, pale barabara itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Kasulu na mwingine ukipanda Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, sufuria za supu hutokota tangu alfajiri kwa ajili ya madereva na abiria: makongoro, utumbo, kichwa cha mbuzi, na pembeni ndimu, pilipili na chapati. Supu ya mboga ni chakula cha mgonjwa, na hata huyo mgonjwa huinywa kwa kubembelezwa. Ama supu ya nafaka, hiyo haina jina. Nafaka hupikwa uji, hupikwa ugali, hupikwa kande, haipikwi supu.

Nalisema hili kwa sababu mwaka 2023 dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka 65, aligunduliwa kuwa na kisukari, akarudi kutoka kliniki na vidonge vya metformini, kadi ya kuandikia vipimo, na karatasi ya ushauri wa chakula. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili. Ilimtaka apunguze sukari na sembe, na badala yake atumie "supu nzito yenye afya ya nafaka kamili na mbogamboga, yenye nyuzinyuzi nyingi". Mimi nimeishi kwa kazi ya kufasiri kwa zaidi ya miaka 25, kazi niliyojifunza peke yangu kwa kamusi na kwa kukosolewa na wenzangu, na sentensi ya namna hiyo naijua kwa harufu yake. Maneno yake yote ni ya Kiswahili, lakini aliyeiandika alikuwa akitazama sentensi nyingine, ya lugha nyingine, akiibeba neno kwa neno kama mtu anayevusha mayai mtoni. Mayai yalifika salama. Aliyetumiwa hakujua ni ya ndege gani.

"Supu nzito yenye afya naijua," dada aliniambia, "ni ile ya makongoro, nayo wamenikataza. Nafaka kamili ndiyo ipi? Kuna nafaka pungufu? Na hizi nyuzinyuzi, mdogo wangu, wanataka nile uzi?"

Nikamfafanulia kama nilivyoweza. Nafaka kamili ni ile isiyokobolewa, inayopikwa na ganda lake: mtama, ulezi, mahindi, ngano. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya chakula ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Nilidhani nimempunguzia mzigo. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni punje. Wananirudisha kwenye punje." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia chini ya kopo la chumvi, na kwa miezi mingi baada ya hapo hakuitaka itajwe.

Ili msomaji aelewe kwa nini neno punje lilimuuma, inafaa nirudi nyuma. Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma, na watu wa mkoa huu wakahamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika, wakapelekwa katika vijiji vipya vya ujamaa, kabla mpango kama huo haujaenea nchi nzima katika miaka iliyofuata. Dada alikuwa na miaka 14. Mimi nilikuwa na miaka miwili, nikibebwa mgongoni mwake kwa kuwa mama alikuwa na mdogo wetu tumboni. Vitu vilivyopakiwa katika lori vilikuwa vile vilivyoonekana kuwa na thamani, na jiwe la kusagia halikuonekana hivyo, likabaki lilipokuwa. Katika majuma ya kwanza, nyumba zikiwa ni miti bila ya paa, familia yetu ilikula mtama na mahindi yaliyochemshwa mazimamazima katika maji ya chumvi. Hapakuwa na cha kusagia, wala kinu, wala mtu wa kumwazima. Nami sikuwa na magego ya kutafuna vitu vigumu kama vile. Dada alikuwa akizitafuna zile punje yeye kwanza, kisha akinitia kinywani.

Haya sikuyakumbuka, nimesimuliwa, naye huyasimulia mara chache. Lakini ndiyo yaliyomfanya aape, kwa kiapo cha mtoto wa miaka 14, kwamba siku atakapokuwa na nyumba yake haitapikwa punje ndani yake. Akakitimiza kiapo chake kwa mafuta ya mawese. Aliyanunua kwa wakamuaji, akayauza kwa chupa na kwa debe katika soko la Mwandiga kwa takriban miaka 40. Na katika nyumba aliyoijenga kwa mawese hayo ugali ulikuwa mweupe kama karafuu zilivyo nyeusi, niseme hivyo kwa lugha ya visiwani.

Si yeye peke yake. Weupe wa unga, katika nchi yetu, una historia inayostahili kuandikiwa kitabu. NMC, shirika la umma la usagaji lililoundwa mwaka 1968, lilifikisha sembe la viwandani hadi kwa watu ambao mama zao walikuwa wakitwanga wenyewe. Halafu ikaja miaka ya uhaba, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tukala unga wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ambao wenye mzaha waliuita Yanga kwa rangi yake. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ukawa ni chakula cha bweni na cha jela. Mtu aliyetoka shule ya bweni akapata mshahara, jambo la kwanza alilofanya ni kula sembe. Kwa hiyo anapokuja mtaalamu na kumwambia mzee wa leo kwamba arudi kwenye ganda, huyo mzee hasikii habari za afya. Anasikia kwamba safari yote aliyoifunga tangu utotoni imehesabiwa kuwa ni kosa.

Na bado mtaalamu ana haki. Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje, kiinitete ambacho ndicho mmea mchanga, na katikati ule wanga mwingi ambao ni akiba ya huo mmea. Kukoboa ni kuondoa ganda na kiinitete, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini B, madini, mafuta, na hizo nyuzinyuzi zilizotutia katika maneno. Sababu ya kukoboa si weupe tu; mafuta ya kiinitete huchacha, na unga usio nayo hudumu zaidi ghalani na dukani. Kinachobaki ni wanga mtupu, na ukisagwa laini tumbo halina kazi ya kufanya: sukari inaingia katika damu kwa kishindo. Punje nzima huingia kwa kubisha hodi. Mwili lazima uifungue kwanza, na kunde zikiwemo katika chungu hichohicho, ucheleweshaji huongezeka. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuipokea sukari inayokuja kwa kasi, tofauti hiyo si ndogo. Haiponyi kisukari, wala haiondoi haja ya vidonge. Ila husaidia, na tena kila siku.

Katika kuusoma mjadala huu, nilikutana na jambo ambalo lilinifanya niione ile karatasi ya dada kwa jicho jingine. Mmoja wa waliokifikisha kisa cha nyuzinyuzi kwenye meza za Ulaya alikuwa ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwingine alikuwa Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia Mulago hukohuko. Burkitt anajulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Lakini wote wawili walistaajabishwa pia na magonjwa ambayo hawakuyaona: maradhi ya utumbo mpana, kidole tumbo, kisukari cha watu wazima, yaliyokuwa ya kawaida Uingereza, yalikuwa nadra katika wodi zao miongoni mwa watu wa vijijini. Trowell alikusanya uchunguzi wake katika kitabu cha mwaka 1960, na mwaka 1975 wawili hao wakahariri pamoja kitabu kuhusu vyakula vya wanga uliokobolewa na magonjwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mzungu ameondoa katika chakula chake kile ambacho Mwafrika wa shamba bado alikuwa nacho. Wengi wa wagonjwa wao walikuwa walaji wa matoke na viazi zaidi kuliko nafaka, na si kila walichokifikiria kimethibitishwa na waliokuja baada yao. Lakini mkondo mkuu wa hoja umesimama.

Fikiri basi safari ya jambo hili. Linatazamwa katika sahani za wakulima wa Afrika Mashariki, linaandikwa kwa Kiingereza, linazunguka dunia, linakuwa ushauri wa kimataifa, linafasiriwa kwa Kiswahili, na linafika Mwandiga katika karatasi likiwa limevaa nguo ambazo mwenyewe hawezi kulitambua. Sisi wafasiri tuna neno la fahari juu ya kazi yetu: husema kwamba tunajenga daraja. Katika daraja hili dada yangu alisimama upande mmoja akitazama chakula chake mwenyewe kikija kwake kama mgeni, tena mgeni wa dharau.

Nikaona kwamba kazi iliyokuwa mbele yangu ni ya kufasiri kwanza, na ya kupika baadaye. Ilihitajika kwanza kupatikana jina.

Kande lisingefaa. Kande ni chakula kizuri, mahindi na maharage katika chungu kimoja, na kila kabila lina lake; Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi ambayo mahindi yake hukobolewa. Lakini kande ndilo hasa lile jina la punje, na kwa dada kulitamka tu ni kurudi kando ya barabara ya mwaka 1972. Bokoboko la visiwani, ngano na nyama zilizopigwa hadi zikawa kitu kimoja, lina heshima zote za harusi na Idi, ila ni zito mno, na samli yake si ya mtu wa kliniki.

Jina nililolitafuta nilikuwa nimekwisha kulinywa. Miaka mingi nyuma, nikiwa Unguja kwa ajili ya kazi ya tafsiri, nilifuturishwa Ramadhani moja nyumbani kwa mshairi mmoja wa Ng'ambo. Baada ya tende na maji, kabla ya vyakula vingine, ililetwa bakuli ya shurba: ngano iliyopikwa hadi ikapasuka, nyama kidogo, mdalasini, pilipili manga, na kipande cha ndimu pembeni. Wasomaji wa visiwani hamna haja ya kuelezwa. Mimi nilikuwa mgeni wa jambo hilo, na nilichokishika, zaidi ya utamu, ni ule utulivu wa watu wakati wa kuinywa. Hakuna aliyeiona kuwa ni chakula cha dhiki, ingawa ukiitazama kwa macho makavu ni punje za nafaka katika maji.

Kuhusu asili ya neno lenyewe wajuzi hutofautiana. Wako wanaoliunganisha na kitenzi cha Kiarabu cha kunywa, hapo likawa ni ndugu wa sharubati. Na wako wanaolirudisha Uajemi, ambako sehemu yake ya kwanza humaanisha chenye chumvi. Mimi huegemea kwa Waajemi, si kwa elimu, bali kwa kuwa shurba isiyokolea chumvi siijui. Lililo la hakika ni kwamba jina na chakula vimetembea pamoja kutoka Uturuki hadi Bara Hindi, na kila vilipofika nafaka ilibadilika na jina likabaki. Basi kwa nini lisifike Mwandiga? Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilileta hapa lugha yenyewe ninayoiandikia. Bakuli moja si mzigo mkubwa kuliko huo.

Ngano nzima si rahisi kuipata katika soko letu, na ikipatikana ni ghali. Mtama upo. Nao, nitasema kwa upendeleo, una haki zaidi ya kuwamo katika chungu hiki kuliko nafaka nyingine yoyote, kwa kuwa ni mzaliwa wa bara hili. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita upande wa Sudan, ilhali mahindi na maharage ni wahamiaji kutoka Amerika na mchikichi ulitoka Afrika Magharibi. Watu wa pwani nao waliujua zamani: katika karne ya 19 mashamba ya Malindi, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, yalikuwa yakipeleka mtama Arabuni kwa majahazi. Siku hizi wengi wetu huukumbuka kwa pombe na kwa kuku.

Ninanunua ule mweupe. Mwekundu una ukakasi katika ganda, ambao huufukuza ndege shambani na huwafaa wapika pombe, lakini katika shurba huacha ulimi mkavu. Kwa watu sita nachukua nusu kibaba ya mtama na robo kibaba ya maharage, yale madogo yanayoshuka kutoka Buhigwe na Kasulu. Kuchambua ni kazi ya kufanywa mchana, kwenye ungo, karibu na mlango. Mtama wa sokoni una vijiwe vyenye rangi yake hasa, na jino la mtu wa miaka 60 haliotishwi tena. Kisha vyote viwili nalowanisha usiku kucha, kila kimoja katika bakuli lake, na asubuhi namwaga maji yale.

Maharage huchemka peke yake. Dakika 10 za kwanza moto uwe mkali na maji yatibuke, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayovuruga tumbo na moto wa polepole peke yake hauiondoi sawasawa. Baadaye mkaa hupunguzwa. Majirani watakushauri utie magadi yaive haraka. Yataiva, ni kweli, na rangi itapendeza, lakini magadi huua vitamini B1, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kama dada yangu, huongeza ile sodiamu ambayo tayari anaikimbia katika chumvi. Nimewahi kubishana juu ya jambo hili na wanawake wanne kwa wakati mmoja, na sikushinda.

Mtama nao, ukishachujwa maji, nautia katika sufuria kavu juu ya moto wa wastani na kuukoroga kwa mwiko wa mbao. Mwanzoni hutoa mvuke tu. Baadaye punje huanza kulia kidogo chini ya mwiko, na ghafla hutoka harufu ya karanga zinazokaangwa. Hapo ndipo pa kutia maji ya moto, si kabla. Hatua hii hakuna aliyenifundisha; niliifikia kwa kutafuta namna ya kuiondoa ile harufu ya nafaka iliyochemshwa ambayo dada aliichukia, na bila hatua hii nisingethubutu kumwekea bakuli mbele yake. Baada ya saa moja na robo hivi punje hupasuka midomo na kuonyesha weupe wa ndani. Zisiachwe zipondeke. Punje ya shurba lazima ibaki na kiuno chake, itafunike, kwa kuwa ni katika kutafuna huko ndimo unaposhiba, na yule anayeusaga mtama wake ili uive haraka amerudi kwenye uji.

Katika sufuria kubwa natia kijiko kimoja cha mawese. Kimoja tu: mawese yana ule wekundu wa karotini ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayogandamana, na mtu wa kliniki hapaswi kuyamwaga kama tulivyozoea. Kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na pilipili manga kwa heshima ya Unguja. Nyanya, hadi zivunjike. Karoti mbili zilizokatwa ndogo, nyanya chungu tatu au nne, kabichi kidogo. Halafu maharage, halafu mtama na maji yake, ambayo yamekwisha kuwa mazito kwa wanga na ndiyo yanayoipa shurba mwili.

Nyama situmii. Badala yake natia dagaa wa ziwa, waliokatwa vichwa, wakaoshwa kwa maji ya moto, wakakaushwa juu ya moto, wakapondwa nusunusu. Chumvi yao aghalabu inatosha. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, dagaa wakapanda bei nikawaacha, nikatia karanga zilizopondwa. Ilikuwa shurba nyingine, tulivu zaidi, na wako waliosema kuwa ilikuwa bora.

Majani huja mwisho kabisa, dakika tano kabla ya kuepua: lengalenga, kama tunavyouita mchicha huku, na majani ya maboga. Haya ya maboga hutaka subira, kwa kuwa kila kikonyo hukwanyuliwa zile kamba zake ngumu kabla ya kukatwakatwa. Ndimu hukamuliwa katika bakuli, si katika sufuria.

Nilimpikia dada kwa mara ya kwanza katika Ramadhani ya mwaka 2024. Mwezi huo daktari alikuwa amemzuia kufunga, kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa havijatulia, na katika miaka zaidi ya 50 ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kukaa na mchana wa Ramadhani bila saumu akiwa si mzazi wala msafiri. Alilipa fidia kwa kulisha maskini, kama sheria ilivyomruhusu, lakini alikuwa akijifungia chumbani wakati wa magharibi ili asiwe pamoja na wanaofuturu. Nilipoifikisha sufuria barazani sikusema chochote juu ya nafaka wala nyuzinyuzi. Nilisema, "Dada, hii ni shurba, ndiyo wanayofunguliwa kinywa watu wa Unguja." Wajukuu wakakimbia na mabakuli. Akatoka, akaketi kwenye mkeka, akapokea bakuli lake kwa mikono miwili.

Alijua, bila shaka. Mtu aliyetafuna mtama kwa ajili ya mwingine hawezi kuudanganyikia. Akakoroga kwa kijiko, akaitoa punje moja, akaitazama, akaila. Akasema, "Huu umekaangwa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kule hatukuwa na sufuria ya kukaangia," kisha akamaliza bakuli na kuomba nusu ya pili.

Tangu hapo ameichukua kazi mikononi mwangu, na sina haki ya kulalamika ingawa nalalamika. Ameongeza bamia, jambo ambalo huifanya shurba iteleze. Mawese hayapimi kwa kijiko, huyapima kwa jicho, na jicho lake ni la mtu aliyeyauza miaka 40. Kamba za majani ya maboga hazitupi tena zote. Siku moja alizishika mkononi akaniuliza kama hizi ndizo nyuzinyuzi za kliniki, na nilipomwambia kuwa ni za jamii hiyohiyo, akazikata ndogondogo akazirudisha katika sufuria, akisema kwamba laiti wangemwonyesha hizi siku ile wasingepoteza karatasi. Kadi yake ya vipimo, iliyoanza na 14 kabla ya chakula cha asubuhi, sasa mara nyingi husoma 7 au 8. Vidonge humeza vilevile, na ugali mweupe hula mchana wa Ijumaa, kipande kama ngumi ya mtoto, bila ya kuomba radhi kwa mtu.

Muuguzi mmoja aliniomba niandike upya ile sentensi ya karatasi. Nimekaa nayo kwa muda mrefu kuliko baadhi ya mashairi niliyoyafasiri. "Nafaka kamili" nimeiacha, nikaandika "mtama, ulezi au mahindi na ganda lake". "Supu" nimeiondoa, nikaandika "shurba", na mbele yake, kwa ajili ya wasioijua, "ya kunywa kwa kijiko na kutafuna". Neno "nyuzinyuzi" limenishinda. Makapi ni ya kupepetwa na kutupwa, pumba ni za kuku, na kamba za maboga hazimo katika nafaka. Nimeliacha lilivyo, nikaliwekea alama ya swali kwa kalamu ya risasi.

Mtama hupanda bei katika miezi ya kabla ya mavuno, kwa hiyo mwaka huu dada amenunua mapema. Madebe mawili yamo katika pipa jikoni kwake, yamechanganywa na majivu ya jikoni dhidi ya fukusi, na juu ya kifuniko ameweka jiwe.